Neno "Tycoon" katika Jarida la Time: Somo la Uteuzi wa Msamiati

Katika uhakiki wa fani, ni nadra kupata kipengele kinachojibiwa kwa wepesi na kwa udhaifu kama uteuzi wa msamiati. Mtahiniwa huulizwa aeleze jinsi mwandishi alivyotumia lugha, naye huandika kwamba mwandishi "ametumia maneno ya kukopa", akataja matatu au manne pamoja na kurasa zake, kisha akahamia kwenye methali. Mwalimu anayesahihisha hubaki na orodha mkononi, na orodha si uhakiki. Neno limetajwa lakini kazi yake haijaelezwa: kwa nini mwandishi alichagua hili akaacha jirani yake, amelipachika wapi katika sentensi, nani analitamka, na msomaji wa wakati ule alilisikiaje.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kazi hiyo inavyofanywa kwa kulifuata neno moja tu, tangu lilikozaliwa hadi lilikofika. Neno lenyewe si la Kiswahili, wala halikutoka katika kitabu teule. Ni neno la Kiingereza "tycoon", jinsi lilivyotumiwa na jarida la habari la Time la Marekani katika miaka ya 1920 na 1930. Nimelichagua kwa sababu historia yake inafuatika vizuri, na pia kwa sababu hakuna mwongozo wa mtihani utakaomsaidia mwanafunzi kulikariri. Atalazimika kufikiri. Baadaye tutarejea nyumbani, kwenye "bwanyenye" na "bepari", na kwenye vitabu ambavyo walimu wengi wamevifundisha.

Ukimwuliza mwanafunzi maana ya "tycoon", atakwambia ni tajiri mkubwa, hasa mfanyabiashara. Hajakosea. Lakini Kiingereza kilikuwa na maneno mengine mengi ya kumtaja tajiri mkubwa, na hakikuhitaji jingine kutoka ng'ambo ya bahari. Neno linapokuja mahali ambapo halikuhitajiwa kwa maana, basi limekuja kwa ajili ya jambo jingine, na jambo hilo ndilo mhakiki anapaswa kulitafuta.

Cheo cha kuonyeshea wageni

Asili ya neno ni Japani. Wajapani walikuwa na "taikun", neno lililoundwa kwa viambajengo viwili vyenye asili ya Kichina, kimoja chenye maana ya ukubwa na kingine chenye maana ya bwana au mtawala. Mtu aliyeitwa hivyo alikuwa shoguni, mkuu wa majeshi aliyeitawala nchi kutoka mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Hata hivyo, shoguni hakuwa mfalme. Mfalme Mkuu alikuwako Kyoto, mwenye heshima zote na mamlaka kidogo sana. Shoguni akiandikiana barua na watawala wa nje alihitaji cheo cha kumpa hadhi bila kunyakua jina la mfalme. Hapo ndipo "taikun" lilipotumika, na lilianza kutumika hivyo katika mawasiliano na Korea tangu karne ya 17.

Hebu mwalimu alitafakari jambo hilo kabla ya kuendelea. Tangu mwanzo neno hili lilikuwa la maonyesho. Lilikuwa vazi la kupokelea wageni. Kazi yake ilikuwa kumfanya anayelisikia adhani yuko mbele ya mkubwa asiye na mkubwa juu yake, na waliolitunga walijua kwamba sivyo.

Meli za kivita za Marekani chini ya Matthew Perry zilifika Japani mwaka 1853, na mikataba ikafuata. Wamarekani walilichukua neno hili kama walivyolisikia, wakaliandika katika hati za serikali, wakidhani ndilo jina halisi la mfalme wa nchi ile. Mwaka 1860 wajumbe wa Japani walizuru Washington na New York, na magazeti yakalieneza zaidi. Mara likapata matumizi ya mzaha. Abraham Lincoln alipokuwa Rais, makatibu wake vijana, John Hay na John Nicolay, walimwita Tycoon wakiwa faraghani. Haikuwa matusi. Ilikuwa lakabu ya mapenzi, namna vijana wanavyomtania mkubwa wanayemheshimu na ambaye hana habari kwamba anataniwa.

Mwaka 1867 shoguni wa mwisho alijiuzulu, na mwaka uliofuata utawala ule ukakoma kabisa. Cheo kikabaki bila mwenyewe. Katika Kiingereza cha Marekani neno liliendelea kuishi kwa kuchechemea, likimaanisha mkubwa yeyote, kisha likafifia.

Jarida lenye sauti moja

Time lilianza kuchapishwa Machi 1923 jijini New York. Waanzilishi wake walikuwa vijana wawili wa miaka 24 na 25 waliosoma pamoja katika Chuo Kikuu cha Yale: Henry Luce, aliyezaliwa China na wazazi wamisionari, na Briton Hadden, mwenyeji wa Brooklyn. Mtaji wao ulikuwa mdogo. Hawakuwa na waandishi wa kuwatuma huku na huko kutafuta habari. Walichofanya ni kununua magazeti ya kila siku, kuyasoma, kuyakatakata na kuyaandika upya kwa ufupi, ili mtu mwenye shughuli nyingi aijue dunia kwa muda mfupi.

Hilo ni muhimu kwa hoja yetu. Kama habari zenyewe zilikuwa za wengine, kitu ambacho jarida lingeweza kukiita chake ni namna ya kuzisimulia tu. Ndiyo maana mtindo ulishughulikiwa kwa bidii kuliko katika gazeti lolote la wakati huo. Tena, makala hazikuwekwa majina ya waandishi. Msomaji hakumjua aliyeandika. Alisikia sauti moja tu kutoka jalada hadi jalada, sauti ya kijana msomi, mjuaji, mwenye kiburi kidogo na kicheko kilichofichwa mkononi. Wanafunzi wanaofundishwa kutofautisha mwandishi na msimulizi wangepata hapa mfano mzuri, maana Time lilikuwa na msimulizi bila kuwa na mwandishi.

Hadden ndiye aliyekuwa fundi wa sauti hiyo. Alikuwa mpenzi wa Homer, akaweka alama katika nakala yake ya Iliad kwenye sifa ambatani ambazo mtunzi yule wa Ugiriki ya kale aliwabandikia mashujaa na miungu. Mwalimu wa fasihi simulizi hatashangaa. Katika sifo na majigambo yetu vilevile shujaa hatajwi kwa jina tupu. Anatajwa pamoja na ukoo wake, mwendo wake, mkuki wake na aliowaangusha. Hadden alichukua desturi hiyo ya tendi akaihamishia kwenye habari za wanasiasa, wacheza tenisi na wauza magari. Waziri alitajwa kwa nywele zake, mwenye benki kwa kidevu chake. Alipindua mpangilio wa sentensi ili kitenzi kitangulie, akaunganisha maneno mawili kuwa moja, na akapenda maneno ya kigeni yenye harufu ya mbali. Neno "pundit" la Kihindi, lenye asili ya kumtaja mwanachuoni, lilipata umaarufu kwa njia hiyo, na vivyo hivyo "kudos" la Kigiriki, lenye maana ya sifa.

Katika ghala hilo ndimo "tycoon" lilimofufuliwa.

Muuza dawa ya nywele avishwa kilemba

Matumizi ya mwanzo yanayojulikana sana ni ya mwaka 1926, katika taarifa fupi ya ndoa. Bwana arusi alikuwa Fred W. Fitch, mtu wa makamo aliyetajirika kwa kutengeneza na kuuza dawa ya nywele. Time lilimtaja kwa neno hilo hilo lililokuwa cheo cha shoguni, likaliunganisha na dawa ya nywele.

Tusome polepole. Upande mmoja kuna mtawala wa Mashariki, mwenye majeshi, majumba na mabalozi wanaomsujudia. Upande wa pili kuna chupa ya dawa ya kupaka kichwani. Mwandishi hakueleza chochote wala hakucheka. Aliviweka vitu hivi viwili bega kwa bega akaenda zake. Kicheko kilimtoka msomaji mwenyewe. Katika istilahi zetu hiyo ni kejeli inayozaliwa na mgongano wa msamiati, yaani neno la hadhi ya juu limeolewa na neno la dukani. Angeandika kwamba bwana huyo alikuwa tajiri sana kwa sababu ya dawa ya nywele, taarifa ingekuwa kweli na isingekuwa na ladha yoyote.

Lakini kejeli ni nusu tu ya jambo, na hapa ndipo wanafunzi hukosea kwa kuridhika upesi. Neno hilo hilo lilimpandisha mtu. Marekani ya miaka ya 1920 ilikuwa nchi ya biashara iliyojaa imani. Magari, redio, sinema na umeme vilienea, na soko la hisa lilipanda. Nchi haikuwa na masultani wala makabaila wa kurithi vyeo, na katiba yake inakataza serikali kumpa mtu cheo cha ukabaila. Time liligundua kwamba wenye viwanda ndio waliokuwa wamekaa katika viti hivyo vitupu, likawatafutia jina la kifalme ambalo halikuwa na mwenyewe. Msomaji aliyekuwa karani wa benki huko Ohio aliweza kucheka na kuvutiwa kwa wakati mmoja. Alimcheka muuza dawa ya nywele, na usiku akaota kuwa yeye.

Sauti mbili katika neno moja: huo ndio utajiri wa uteuzi mzuri. Mhakiki anayesema "neno hili ni la kejeli" ameona jicho moja. Anayesema "ni la kusifu" ameona jicho la pili. Kazi ni kuyaona yote mawili na kueleza yanavyofanya kazi pamoja.

Kuna na suala la mahali pa neno katika sentensi, ambalo kwa maoni yangu halifundishwi vya kutosha. Katika Kiingereza cha kawaida, kilichotangulia jina la mtu bila kiambishi cha kulitambulisha ni cheo cha kweli tu: Rais, Jenerali, Daktari. Kazi ya mtu ilifuata baada ya jina kama maelezo ya ziada. Time lilieneza mtindo wa kuchukua nomino yoyote, iwe mfanyabiashara, mwimbaji au hata muuaji, na kuitanguliza mbele ya jina kana kwamba ni cheo alichotawazwa. Msomaji wa wakati ule alishtuka. Sisi hatushtuki, kwa sababu Kiswahili hakina viambishi vya namna hiyo na tumezoea Mwalimu Nyerere na Mzee Kenyatta. Hata hivyo tofauti ipo hata kwetu. "Mwalimu Nyerere" si sawa na "Nyerere, mwalimu wa zamani wa sekondari". La kwanza ni kilemba na la pili ni habari. Mwanafunzi akilielewa hilo, ataanza kuona vilemba vingi katika vitabu anavyosoma.

Kilemba kilipogeuka hati ya mashtaka

Hadden alifariki Februari 1929, akiwa na miaka 31. Jarida likabaki mikononi mwa Luce, ambaye aliwaheshimu wenye mali zaidi na kuwatania kidogo. Luce alitayarisha jarida la pili, hili likiwa la biashara pekee, akaliita Fortune. Toleo la kwanza lilitoka Februari 1930, kubwa, zuri, la bei ya dola nzima. Bahati mbaya ni kwamba Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilikuwa limeporomoka. Jarida la kuwatukuza wakuu wa biashara lilizaliwa wakati wakuu hao walipoanza kuanguka.

Time lenyewe halikusalimika. Jalada la toleo la tarehe 28 Oktoba 1929, wiki ile ile ya maporomoko, lilikuwa na picha ya Ivar Kreuger wa Uswidi, aliyejulikana kama Mfalme wa Viberiti. Kreuger alizikopesha serikali za Ulaya fedha, nazo zikampa ukiritimba wa kuuza viberiti. Machi 1932 alikutwa amekufa kwa risasi katika nyumba yake ya Paris, na baada ya kifo chake ikabainika kwamba hesabu za makampuni yake zilijaa uongo, zikiwemo dhamana bandia za serikali ya Italia. Mwaka huo huo iliporomoka himaya ya umeme ya Samuel Insull wa Chicago, mtu aliyezaliwa London, akawa katibu wa mvumbuzi Thomas Edison, kisha akajenga mtandao wa makampuni yaliyomilikiana kama ngazi juu ya ngazi. Naye alikuwa amewekwa kwenye jalada la Time zaidi ya mara moja. Mamia ya maelfu ya wawekezaji wadogo walipoteza akiba zao. Insull alikimbilia Ugiriki, akarudishwa mwaka 1934, akashtakiwa na kuachiliwa na mahakama. Alifia katika kituo cha treni cha Paris mwaka 1938. Katika kampeni za 1932, Franklin Roosevelt alilitaja jina lake katika hotuba huko San Francisco kama mfano wa mtu ambaye mkono wake uko dhidi ya kila mtu. Jina la mtu lilikuwa limegeuka sifa, na sifa mbaya.

Sasa turudi kwenye neno. Kufikia 1933, takriban robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi. "Tycoon" lilikuwa na herufi zile zile, limekaa mahali pale pale mbele ya jina, na kamusi ingelipa maana ile ile. Lakini karani wa Ohio, ambaye benki yake sasa ilikuwa imefungwa, hakulisikia kama mwanzo. Kicheko chepesi cha 1926 kilikuwa cha mtu anayemtania tajiri huku akitumaini kumfuata. Kicheko cha 1933 kilikuwa na meno. Neno lililokuwa kilemba likaanza kusomwa kama hati ya mashtaka, hata mahali ambapo mwandishi hakukusudia shtaka lolote.

Ningependa walimu walisisitize hili darasani: maana ya hisi haimo ndani ya neno peke yake kama maji ndani ya mtungi. Inategemea hali ya anayelisoma. Kwa hiyo mwaka wa kuandikwa kwa kazi na hali ya jamii ya wakati huo si mapambo ya utangulizi. Ni sehemu ya uchanganuzi wa mtindo.

Mtindo wa Time nao ulifikia kiasi cha kuchekwa. Novemba 1936 jarida la The New Yorker lilichapisha wasifu wa Luce ulioandikwa na Wolcott Gibbs kwa kuiga mtindo wa Time wenyewe, sentensi zimepinduliwa kichwa chini na sifa zimerundikwa hadi msomaji anakosa pumzi. Luce alikasirika sana. Kuigwa kwa dhihaka ni kipimo kizuri cha mtindo, kwani huwezi kumwiga mtu asiye na sauti yake.

Hatua ya mwisho ninayotaka kuitaja ni ya fasihi. F. Scott Fitzgerald alifariki Desemba 1940 akiwa anaandika riwaya kuhusu mtayarishaji wa filamu wa Hollywood, Monroe Stahr, mtu mwenye kipawa anayefanya kazi hadi afya yake inaharibika. Riwaya ilichapishwa mwaka 1941 bila kukamilika, kwa jina la The Last Tycoon. Neno la tatu katika jina hilo ni lile lile la muuza dawa ya nywele. Lakini neno la pili, lenye maana ya "wa mwisho", linalitia majonzi. Hapa hakuna kejeli wala shtaka, bali maombolezo ya ukubwa unaopita. Katika miaka 15 tu neno moja lilikuwa limeimbwa kwa sauti tatu.

Na sisi tuna yetu

Kiswahili hakikulikopa "tycoon". Waandishi wa habari wa Kenya wanaoandika kwa Kiingereza hulitumia sana, na wenzao wa Kiswahili, hasa katika Taifa Leo, huandika "bwanyenye". Uteuzi huo si mbaya hata kidogo. Neno lina "bwana" ndani yake, linajaza kinywa, na mdundo wake una tabasamu fulani. Husikii "bwanyenye" bila kuona tumbo. Ukiandika "tajiri" mahali pake, tumbo linapotea.

Inafaa kukumbuka kwamba maneno yetu ya mali nayo yamesafiri. "Tajiri" limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni mfanyabiashara. Kwetu maana iliteleza kutoka kwenye kazi hadi kwenye matokeo ya kazi, kisha ikatanuka tena hadi kwa mwajiri, kwani wapo wafanyakazi wamwitao mwajiri wao tajiri hata kama amefilisika. "Bepari" limetoka katika lugha za India, nalo pia lilimaanisha mfanyabiashara tu. Halikuwa na dhambi. Lilipata dhambi katika siasa za ujamaa: Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi wa Tanzania kushiriki mambo ya kibepari na ya kikabaila, na tangu hapo "bepari" halijaweza kutembea bila kunyooshewa kidole. "Kabaila" lina mzizi wa Kiarabu unaohusu kabila na nasaba. Aliyekuwa mtu wa ukoo wenye heshima akawa mnyonyaji wa ardhi. Historia yao inafanana mno na ile ya "tycoon". Herufi hazikubadilika, waliobadilika ni wasikilizaji.

Bora kuliko yote, kwa ladha yangu, ni "wabenzi". Baada ya uhuru, watu wa Afrika Mashariki waliona viongozi wapya wakipita katika magari ya Mercedes-Benz, wakalichukua jina la gari, wakalitia kiambishi cha ngeli ya watu, na kabila jipya likazaliwa. Tuna Wakamba, Waluhya, na sasa Wabenzi. Kejeli yote imo katika kiambishi kile kimoja. Hadden, kwa bidii yake yote ya kuunganisha maneno, hakupata kitu kifupi hivyo.

Kilemba katika vitabu teule

Tuchukue riwaya ya marehemu Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), iliyowahi kutahiniwa katika KCSE na ambayo walimu wengi bado wanayo rafuni. Mtawala wa Sokomoko anaitwa Mtemi Nasaba Bora. Jibu ninalolisoma mara nyingi kuhusu jina hilo ni hili: mwandishi ametumia majazi, kwani Nasaba Bora anajiona wa ukoo bora. Ni kweli, lakini jibu limeishia mlangoni.

Jibu lenye uzito zaidi lingeanza na "Mtemi". Hiki ni cheo cha watawala wa jadi wa bara, hasa miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi. Mwandishi hakumwita mkuu wa wilaya wala gavana. Amemvalisha mtawala wa dola huru kilemba cha utawala wa kale, na msomaji anaalikwa kuuliza ni kitu gani hasa kilichobadilika baada ya mkoloni kuondoka. Kisha linafuata jina linalodai ubora wa ukoo, ilhali mali anayoilinda ameipata kwa dhuluma, na mwanawe Madhubuti anakataa kuishi kwa jasho la wengine. Cheo kinasema jambo moja, jina linalitia nguvu, na matendo yanavikanusha vyote viwili. Kinaya hiki kinafanya kazi kwa sababu cheo hakimbanduki: kila anapotajwa kwa cheo chake, tunakumbushwa umbali uliopo kati ya kilemba na kichwa.

Tamthilia ya Timothy Arege, Mstahiki Meya (2009), inafanya hivyo kuanzia jaladani. "Mstahiki" ni neno la itifaki. Limetokana na kustahiki, yaani kustahili heshima. Wafanyakazi wa Cheneo wanagoma, hospitali haina dawa, na mkuu wa baraza anaendelea kuitwa anayestahiki. Kama ilivyokuwa kwa taarifa ile ya ndoa ya 1926, mwandishi hahitaji kucheka. Ametanguliza neno mbele ya mtu na kumwachia hadhira kazi ya kupima kama linamtosha. Mwanafunzi akiandika tu kwamba "mstahiki" ni msamiati wa lugha rasmi, amelitaja vazi bila kumtazama aliyelivaa.

Kwa zoezi la darasani, mwalimu anaweza kuandika ubaoni sentensi moja yenye pengo: "…… huyo amelinunua shamba lote la bondeni." Kila kikundi kipewe neno lake: tajiri, mkwasi, bepari, kabaila, bwanyenye, mbenzi, sonko. Wasiulizwe maana ya neno, kwa kuwa wote watajibu mamoja. Waulizwe nani anayesema sentensi hiyo, anamwambia nani, wako wapi, ni mwaka gani, na je, msemaji mwenyewe angependa kulimiliki shamba lile. Kikundi cha "bepari" kitajikuta kwenye mkutano wa hadhara wa miaka ya 1970. Kikundi cha "sonko" kitahitaji kijana wa Nairobi, na yaelekea kijana huyo atakuwa anamwonea wivu mnunuzi. Kikundi cha "mkwasi" kitahangaika, mpaka mmoja wao agundue kwamba msemaji wao hayuko bondeni hata kidogo: yuko mezani anaandika insha.